Kuitafsiri Sinema Mbele ya Mama

Padri alikuja shuleni siku ya Jumatano, saa ya mapumziko, na makopo matatu ya bati yaliyofungwa kamba. Nilidhani ni biskuti. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu pale Kilifi, nina miaka ishirini na mitatu, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, na tangu asubuhi nilikuwa sijatia kitu mdomoni. Akayaweka juu ya meza yangu, akayapigapiga kama mtu ampigavyo ng'ombe wake mgongoni, akasema, "Mwalimu, humu ndani yumo mtakatifu."

Ilikuwa mikanda ya sinema, ameiazima Mombasa. Habari yake ilikuwa maisha ya mmisionari mmoja wa Kizungu, wa zamani sana, aliyekwenda kukaa na wagonjwa wa ukoma kwenye kisiwa walikotupwa na serikali yao, akawauguza mpaka na yeye akaupata ugonjwa, akafa. Ilisema Kiingereza kitupu. Padri alitaka kuionyesha Jumapili ile ya Kwaresima katika ukumbi wa kambi ya wakoma, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka mjini, na alitaka mtu wa kushika kipaza sauti awatafsirie watu. Siku hizo ndivyo tulivyotazama sinema. Lori la serikali likija kuonyesha habari za mbu au za kuchimba vyoo, palikuwa na bwana mmoja aliyesimama kando ya shuka nyeupe ya kuonyeshea, akasema maneno ya kila mtu: ya daktari, ya mgonjwa, ya mtoto, na hata ya mbu. Bwana huyo alikuwa amehamishwa.

"Kiingereza chako kizuri," padri akasema, "na sauti unayo."

Ningeweza kusema nina homa. Nilikubali, kwa sababu mwalimu wa shule ya misheni hamwambii padri hapana, na kwa sababu nilikuwa nimezoea kujifanya kambi ile hainihusu. Mama yangu mzazi alikuwa mle.

Pale Kilifi hapakuwa na aliyejua. Mume wangu alijua kwamba mkwewe alikufa zamani. Mama yake, mavyaa wangu, niliyekaa naye Kibarani kwa kuwa mume wangu alifanya kazi Mombasa na kurudi mwisho wa mwezi, alijua hivyo hivyo, na siku ya kuwaombea marehemu alimwashia mama yangu mshumaa kanisani. Nilikuwa nimesimama kando yake. Niliutazama mshumaa ukiwaka mpaka ukaisha, nikafikiria mboga ya jioni.

Padri alipokuwa anatoka akaniongezea jambo la pili, akiwa mlangoni, kama mtu anayetaja chumvi. Dawa mpya zilikuwa zimefanya kazi. Watu kumi na mmoja pale kambini walikuwa wamepona kabisa, hawaambukizi mtu, wana karatasi za kuruhusiwa, lakini hakuna jamaa anayekuja kuwachukua. Kwa hivyo alikuwa amewaalika watu wa parokia nao waje kuitazama sinema, mioyo ilainike, na ikiisha tu majina ya hao kumi na mmoja yangesomwa hadharani, na mwenye ndugu yake asimame. Niliuliza kama orodha iko tayari. Akasema iko kwa muuguzi. Sikuomba kuiona.

Kwetu sisi ni bara ya Malindi, kwenye mashamba ya mihogo na mahindi. Baba alikufa kabla sijamjua. Ugonjwa wa mama ulijulikana siku alipoepua sufuria ya ugali kwa mikono mitupu, akaitua taratibu, akaanza kupakua. Mimi ndiye niliyesikia harufu. Nilimwambia, "Mama, mkono waungua," naye akautazama kama mkono wa mtu mwingine. Nilikuwa na miaka saba.

Watu wa mji wetu hawakuwa wabaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu wasikilizaji hupenda wawe wabaya, hadithi iende mbio. Walimjengea kibanda upande wa chini wa shamba, wakampa kata yake ya kunywea maji, wakanionya nisiiguse. Chakula nilimpelekea mimi. Nilikiweka juu ya jiwe, nikarudi nyuma, ndipo akaja kukichukua. Aliniuliza nimecheza nini, nami nikamjibu kwa kupiga kelele, maana tulikuwa mbali. Asubuhi moja nilipeleka uji nikakuta kibanda kitupu. Alikuwa ameondoka mwenyewe, kwa miguu, kuitafuta kambi ya wamisionari aliyosikia habari zake. Nikaurudisha uji nyumbani, wakaniambia niunywe mimi, nikaunywa.

Shangazi yangu alinichukua kwake Malindi mjini. Siku ya kwenda kuniandikisha shule alinifundisha njiani, bila ukali. "Ukiulizwa mama yuko wapi, sema alikufa. Ukitaja mahana, hapana mtoto atakayekaa nawe benchi moja." Mahana ndiyo ukoma, kwa lugha ya nyumbani. Mwalimu akaniuliza, nikasema alikufa. Ilikuwa rahisi. Mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi, na baada ya mwaka nilikuwa nalisema jambo hilo kama mtu anavyolitaja kabila lake. Mara moja kwa mwaka shangazi alikwenda kambini na kifurushi cha sabuni na sukari. Akirudi husema, "Yupo." Hakuongeza, nami sikuuliza. Nilipopangiwa kufundisha Kilifi nilijua kwamba kambi ni karibu, na kwa muda wote ule sikukanyaga. Miezi michache baada ya harusi yangu shangazi akafa, huyu alikufa kweli, na habari za mama zikakatika hapo.

Jumapili ikafika. Madirisha ya ukumbi yalikuwa yamezibwa kwa magunia ili pawe na giza, kwa hivyo ndani palikuwa na joto la tanuri na harufu ya vumbi la korosho. Jenereta ilinguruma nje. Watu wa parokia walikaa upande wa kulia, wamevaa nguo za ibada. Wagonjwa walikaa upande wa kushoto. Katikati wakaacha njia pana kuliko ilivyohitajika. Hakuna aliyepanga hivyo. Mavyaa alikuwa benchi la pili kulia, anajipepea kwa kitabu cha nyimbo, na akaniinulia kidole gumba. Alikuwa amewatangazia akina mama wote kwamba msemaji ni mkaza mwanawe.

Kabla taa haijazimwa niliwatazama wanawake wa upande wa kushoto. Walikuwa wengi, karibu wote wamejitanda leso kichwani. Nilitafuta uso ninaoukumbuka, na uso ule haukuwamo. Nilitazama mmoja mmoja, kwa zamu, kama ninavyotazama daftari za watoto. Nikafikiri labda amekufa. Nilichokisikia moyoni wakati huo kilikuwa nafuu, na sitakipamba. Kisha padri akawasha mashine.

Sinema ilikuwa ya zamani, rangi zake zimechujuka zikawa nyekundunyekundu. Mmisionari mwenye ndevu akashuka kwenye meli. Nikawa mmisionari. Gavana akamwambia asiende, nikawa gavana. Kazi ile ina raha yake: unasema maneno mengi sana na hakuna hata moja lako. Alipofika kisiwani, akawakuta wagonjwa wamelala chini ya miti, akachota maji, akaanza kumwosha mzee mmoja kidonda cha mguu. Yule mzee wa sinema akajikunja, akakunja uso, akapiga ukelele mrefu wa uchungu.

Upande wa kushoto wakacheka.

Si kicheko cha mtu mmoja. Walicheka wote, wanaume kwa wanawake, mpaka mabenchi yakalia. Mzee mmoja akasimama na gongo lake akaielekeza ile shuka. "Mwongo huyo! Yuwalia nini, naye hata haumwi?" Mwingine akaitikia, "Mwosheni kwa maji ya moto tuone!" Wakacheka upya. Watu wa parokia walikuwa wamekwisha kutoa leso za kufutia machozi, wakabaki nazo mikononi.

Padri alininong'oneza kwa wasiwasi. "Wanacheka nini?"

"Kidonda cha ukoma hakiumi, padri," nikamwambia. "Ndio ugonjwa wenyewe. Huyo mwigizaji hakuuliza."

Padri alikuwa ameihudumia kambi miaka sita na hilo alilijua vizuri. Lakini alikuwa ameiona sinema ile mara mbili peke yake, akalia mara zote mbili, na hakuwa amelifikiria. Niliona masikio yake yanageuka mekundu. Kuanzia hapo wagonjwa waliitazama sinema kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwingine. Waliuliza mbona wakoma wale hawalimi. Walisifu paa la kanisa alilojenga mmisionari, wakalaumu mlango. Pale mama mmoja mgonjwa aliponyang'anywa mwanawe gatini ili apelekwe kisiwani peke yake, mtoto alipiga kelele maneno mengi, nami sikusema kitu. Mashine ikasikika ikizunguka. Sauti ikauliza gizani, "Mwalimu, mtoto asemaje?"

"Anasema kwaheri," nikajibu.

Mwisho mmisionari akafa, amezungukwa na watu wake. Akina mama wa parokia walilia kwa kwikwi, mavyaa akiwaongoza. Upande wa kushoto walikuwa kimya, macho makavu. Yule mzee wa gongo akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Masikini. Lakini yeye alipenda kuja."

Magunia yakashushwa, mwanga ukaingia, kila mtu akafinya macho. Padri akatoa karatasi mfukoni, akaniletea mimi. Majina ya kwetu bara yalimshinda kuyatamka, alisema, na hakutaka watu wachekwe. Nisome kila jina mara tatu, kama matangazo ya ndoa, na kila mara niulize kama jamaa yake yupo.

Jina la mama lilikuwa la saba.

Niliyasoma sita ya kwanza. Kwa jina la pili kijana mmoja alisimama, akavuka ile njia ya katikati, akaenda kukaa karibu na kaka yake, na watu wakapiga makofi. Kwa mengine matano hakuna aliyesimama. Mikono yangu ilikuwa mikavu. Nikafika la saba, nikalisoma, nikauliza ndani ya kipaza sauti, "Kuna jamaa yake hapa?" Sauti yangu ikanirudia kutoka ukutani. Nikalisoma mara ya pili. Mavyaa alikuwa anawatazama watu wa nyuma, anawahimiza kwa macho. Nilijua ninachotakiwa kufanya, nilikijua kama ninavyojua jedwali la mbili, na mwili haukuwa na habari nacho. Nikalisoma mara ya tatu.

Mwanamke wa benchi la nne akainua mkono. Vidole vilikuwa vifupi, vimebaki nusu nusu. Nilikuwa nimempita yule nilipokuwa nikitafuta, nimemtazama usoni nikampita.

"Mwalimu, endelea na mwingine," akasema. "Mie sina mtu."

Nikasoma la nane.

Jioni ile, nilipokuwa nikisonga ugali, mavyaa hakunyamaza. Mavyaa wangu ni mtu wa maneno mengi na moyo mmoja. Akitia jambo kichwani halitoki mpaka litendeke. Sinema alikuwa amekwisha kuisahau. Aliyemkaa rohoni ni yule mwanamke. "Umemsikia? Sina mtu! Mtu mzima asimame kwenye kadamnasi aseme sina mtu. Mimi Jumamosi nampelekea unga. Nitakaa naye, tuzungumze, nijue kwao ni wapi. Hapana mtu asiye na mtu, ni kutafuta tu."

Kutafuta tu. Nililala na maneno hayo. Siku ya Alhamisi, watoto walipotoka, sikurudi Kibarani. Nilishika njia ya mikorosho kwenda kambini, na nataka ieleweke nilikwenda kufanya nini, maana nimewahi kuwasimulia watu habari hii nikaipunguza. Sikwenda kumchukua mama. Nilikwenda kumwomba anyamaze.

Lakini kwanza nilipita ofisini kwa muuguzi, mzee mpole mwenye miwani ya kufunga kwa uzi. Niliogopa kwamba jina langu limeandikwa mahali, na mavyaa angelikuta. Nilimdanganya kwamba padri anataka kujua ni nani kati ya wale kumi na mmoja ana watoto. Akanitolea faili ya mama bila kuuliza. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeandikwa kwa mkono wa mtawa fulani, wino umekuwa kahawia. Mume: amefariki. Watoto: mmoja, wa kike, amefariki.

Niliisoma tarehe. Ilikuwa wiki ile ile aliyoondoka nyumbani. Wakati huo nilikuwa bado nabeba uji, nadhani. Bado nilikuwa sijafundishwa kusema alikufa.

"Huyu mtoto alikufa na nini?" nikauliza.

Muuguzi akavua miwani. "Hakufa huyo, kwa maoni yangu. Zamani, mgonjwa akiandikwa tu, watu wa afya walikwenda kwao kuwapima watoto. Walikwenda mpaka shuleni. Mtoto anaitwa mbele ya wenzake, anavuliwa shati, anaguswaguswa mgongoni kwa pamba. Hata akiwa mzima, kesho yake hana wa kukaa naye. Basi akina mama wakawa werevu. Ukiwauliza, wanao wote wamekufa. Nina mafaili hapa, ukiyaamini, utasema bara ya Malindi haikubakisha mtoto."

Nilirudisha faili. Nikamshukuru. Kwa hivyo lile nililokuja kuliomba lilikuwa limekwisha kufanywa miaka kumi na sita iliyopita, na limefanywa vizuri kuliko nilivyoweza kuliomba.

Nilimkuta mlangoni kwake, amekaa chini, miguu ameinyosha upande, anamenya mihogo. Kisu alikuwa amekifunga mkononi kwa kitambaa. Aliniona nikija tangu mbali, akaendelea kumenya.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Umesema vizuri siku ile. Una sauti kama ya shangazi mmoja niliyemjua."

Nilisema, "Mama."

"Mie sina mtoto, mwalimu. Imeandikwa." Alilisema polepole, kama anayemweleza mtoto mzito wa kuelewa. "Umekuja kutafuta nini huku? Jua lazama. Rudi kwa mumeo."

Nikarudi. Ningependa kusema nililia njiani. Nilihesabu mikorosho. Nilifika nyumbani nikasahihisha daftari za hesabu, zote, bila kosa.

Asubuhi ya Jumamosi mavyaa alikuwa uani, anafunga mzigo wake: kibaba cha unga, sukari, mche wa sabuni. Juu ya mzigo akaweka leso yake kuukuu, imetoboka katikati, ile tuliyokuwa tukifutia sakafu. "Hii ataichana afungie vidonda," akasema. Hakuwa na ubaya wowote. Ilikuwa imefuliwa.

Nikasema, "Usimpe hiyo."

"Kwa nini?"

"Ni mama yangu."

Mavyaa alikuwa ameinama. Alibaki ameinama muda, mkono juu ya fundo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama pale pale, na maneno yalitoka makavu, yamepangika, kama bado ninamtafsiria mtu. Sufuria. Kibanda. Shangazi. Faili. Nilipomaliza nilingoja anifukuze. Nilikuwa nimekwisha kuhesabu nguo zangu kichwani.

Akainuka. "Yaani siku ya harusi," akasema, "mama yako alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Na mkaja?"

Sikumwelewa.

"Mkaja, we mtoto! Ile leso ya mama mzazi, ya kumshukuru kwa tumbo lililokuzaa. Mimi niliibeba kwa mikono yangu miwili, nikampa shangazi yako. Akaipokea! Akapigiwa vigelegele! Nimempa mkaja mwanamke asiyekuzaa, na mwenye tumbo yu hai, mwendo wa saa moja kutoka hapa!" Alikuwa amekasirika kweli sasa, mishipa ya shingo imesimama. "Ala! Ndoa gani hiyo? Mwanangu kakuchukua kama kuku aliyeokotwa njiani! Ukoma, ukoma, wanitajia ukoma, padri si kasema wamepona? Mkaja jee, nao umepona?"

Katika miaka yangu yote ya woga nilikuwa nimejiandaa kwa kila neno ambalo mtu angeweza kuniambia, na hilo halikuwamo. Akaingia ndani, nikasikia sanduku likifunguliwa. Akatoka na doti ya leso mpya, nyekundu na nyeupe, ambayo alikuwa amejiwekea ya Pasaka. Ile kuukuu akaitupa kwenye ndoo.

Njiani alitangulia hatua kumi mbele yangu. Tulipofika alipiga hodi kwenye kile chumba kana kwamba ni nyumba ya kadhi, akangoja mpaka akaribishwe. Mama alikuwa kitandani, anapumzika. Akaketi haraka, akajitanda.

"Mkwe wangu," mavyaa akaanza, na sauti yake ya sokoni ilikuwa imeondoka kabisa. "Mimi ni mama wa mume wa huyu. Nimekuja na aibu. Mkaja wako ulikwenda kwa mwingine, sikujua. Naomba uupokee, na kosa unisamehe." Akaishika ile doti kwa mikono miwili, akainama nayo.

Mama hakunyosha mkono. Nilielewa anachokipima. Akisema yeye si mama yangu, mambo yanabaki yalivyoandikwa. Akiupokea mkaja, ameifuta faili. Nje palikuwa na watu wawili watatu wamesimama, na yule mzee wa gongo miongoni mwao. Mavyaa alikuwa bado ameinama, mgongo unamwuma, nilijua, na hakuinuka.

Mama akaupokea. Aliuweka mapajani, akaupapasa kwa nje ya kiganja, pale alipokuwa bado anahisi.

"Kaa, mkwe wangu," akasema. Kiti hakikuwako. Mavyaa akakaa kitandani, ubavu kwa ubavu naye, akaanza kumuuliza kama Kibarani atapapenda, kwamba maji ya mfereji yapo siku nyingine na siku nyingine hayapo. Mama akasema hawezi kuondoka na mihogo iko shambani. Atakuja akishavuna. Ndivyo alivyofanya baadaye.

Kisha akanigeukia. Nilikuwa nimesimama mlangoni, sijaingia.

"Mie nilisema umekufa ili ukienda shule wasije wakakutoa," akasema. "Wewe ulisema nimekufa kwa nini?"

Wote wawili wakanitazama, na nikatafuta kitu cha kusema kilicho bora kuliko ukweli, sikukipata.

"Niliona aibu."

"Aibu tu?"

"Aibu tu," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa. Nilidhani amemaliza. Akaukunjua mkaja, akajifunga kiunoni juu ya gauni, taratibu, kwa mikono ile, na mavyaa akawa na adabu ya kutomsaidia. Ilichukua muda.

"Sasa ingia," akasema. "Umekuja mara mbili kwangu na hujaniamkia hata mara moja."

Nikaingia. Nikamshika mkono, ulikuwa mgumu na wa moto kidogo, nikasema shikamoo mama.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu."